SOMO: HEDIFONI YA KAZI NA MASIKIO YETU



Somo la leo linahusu hedifoni, yaani chombo cha kusikilizia kinachovaliwa kichwani. Kwa wenzetu wanaopokea simu za wateja hapa Kampala, hedifoni ni kama jembe kwa mkulima. Lakini mkulima huchagua jembe lake. Sisi huletewa katoni na kuambiwa tuvae.

Tuliketi na wapokeaji simu wa ofisi moja mjini. Walikuwa na malalamiko mawili: masikio yanauma, na wateja hawasikiki vizuri. Tulipochunguza, tuliona ni jambo moja. Hedifoni ikibana, mfanyakazi huisogeza kando. Ikisogea, kelele za ofisi huingia. Kelele zikiingia, huongeza sauti. Jioni anarudi nyumbani masikio yakivuma.

Tulilinganisha aina tatu:

1. Ya kuingia ndani ya sikio. Ni nyepesi, na ikikaa sawasawa huzuia kelele. Lakini tundu la sikio huwasha baada ya saa nyingi, na kipimo kimoja hakiwafai watu wote. Hii isiazimwe hata kidogo, kwa sababu ya uchafu na magonjwa.

2. Ya kulala juu ya sikio. Ina sponji ndogo na bei yake mara nyingi ni nafuu. Hugandamiza sikio, na mwenye miwani huumia zaidi. Kelele za jirani hupita kwa urahisi.

3. Ya kufunika sikio lote. Uzito wake hukaa kuzunguka sikio, si juu yake. Kelele hupungua, na sauti ya chini hutosha. Ubaya wake ni uzito na jasho, hasa ikiwa imefunikwa kwa ngozi bandia. Kitambaa huleta nafuu wakati wa joto.

Tusidanganywe na besi. Simu ya kawaida ya waya hupitisha sauti za kati tu, kama hertzi 300 hadi 3,400. Besi kubwa ni ya muziki. Sisi tunataka maneno yasikike wazi.

Namna ya kupima: vaa kwa saa mbili, si dakika mbili. Kaa palipo na kelele nyingi. Mwenzako akusomee majina na nambari kwa simu, nawe uandike. Hedifoni bora ni ile inayokuwezesha kuandika bila kosa, sauti ikiwa chini, na usiyotamani kuivua.

Kwa nini tunakazania sauti ya chini? Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye vinywele zinazopokea sauti. Zikifa hazioti tena. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua nusu: desibeli 88 ni saa 4, na 91 ni saa 2. Kwa hiyo kuongeza sauti kidogo tu si jambo dogo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi. Basi tudai haya:

(a) Wafanyakazi wajaribu hedifoni kabla hazijanunuliwa kwa wingi.
(b) Kila mtu awe na yake, na sponji zilizochakaa zibadilishwe.
(c) Kelele za ofisi zipunguzwe, na masikio yapewe mapumziko.

Maswali ya kujadiliana tawini:

1. Nani alichagua hedifoni unazotumia?
2. Je, unaongeza sauti kuliko mwaka jana? Kwa nini?
3. Mwenzetu aliyeanza kusikia kwa shida amemwambia nani?

Swali la tatu tulilijibu vibaya katika ofisi ile. Mama mmoja alinyamaza muda mrefu akiogopa kufukuzwa. Ndugu, tusiwaache wenzetu wanyamaze. Umoja ni nguvu.