Kuwapokea Waliohama ni Kazi ya Mji Mzima

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo: jueni, ndugu Waislamu, ya kwamba mgeni mmoja hupokewa na nyumba, lakini wageni mia hawapokewi ila na mji. Mtu mmoja akibisha hodi, mwenye nyumba humwandalia alicho nacho, na wajibu wake ukatimia. Ama watu waliokimbia vita au dhulma, wakaja na wake zao na watoto wao, hawana mali wala makao, hao wema wa mtu mmoja mmoja hauwatoshi. Huyu atapewa sahani tatu za chakula kwa siku moja, na mjane aliye chumba cha uani asipate hata moja. Si kwa ubakhili wa watu, bali kwa kuwa hapana aliyepanga.

Na mfano ulio bora katika jambo hili ni mji wa Madina, mwaka wa 622, Mtume (s.a.w.) na Sahaba zake walipohama Makka. Watu wengi hulitaja jambo hilo kwa kusifu ukarimu wa Ansari, na sifa hiyo ni haki yao, kwani Mwenyiezi Mungu mwenyewe amewasifu katika Suratul Hashri, aya ya 9, kwamba waliwatanguliza wenzao ingawa wao wenyewe walikuwa na haja. Lakini aliyetazama sana khabari zile ataona ya kwamba pamoja na ukarimu palikuwa na mpango, na kila haja ilikuwa na mlango wake. Na hayo ndiyo makusudio ya somo hili.

FASILI YA KWANZA: MAKAO

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwa Ummul-Alaa, mwanamke wa Kiansari, ya kwamba Ansari walipiga kura juu ya nani atamkaribisha nani, na kura ya watu wake ikamwangukia Uthman bin Madh'un. Akakaa kwao, na alipougua wakamuuguza mpaka alipofariki.

Tazameni hekima ya kura. Lau kila mtu angalichagua mgeni wake, wenye nasaba na wenye majina wangaligombewa, na wanyonge wangaliachwa njiani. Kura haimjui tajiri wala fakiri. Na tena tazameni ya kuwa mgeni yule aliugua katika nyumba ile ile, wala hawakusema, “Sisi tulipewa mgeni mzima, si mgonjwa.” Aliyepokea mtu amepokea uzima wake na ugonjwa wake.

Kisha Mtume (s.a.w.) akafunga undugu baina ya Muhajirina na Ansari, mmoja kwa mmoja. Wasimulizi wa sira wametaja watu 90, nusu yao hawa na nusu yao hawa, na wengine wamesema 100. Undugu huo mwanzo ulikuwa na nguvu hata ya kurithiana, kisha hukumu ya kurithiana ikaondolewa kwa Qur'ani, mirathi ikarudi kwa jamaa wa damu, na ikabaki kusaidiana, kupeana nasaha na kuusiana. Faida yake ni kwamba kila aliyehama alimjua mtu mmoja kwa jina, ambaye ataulizwa juu yake. Asiyekuwa na mtu wa kuulizwa juu yake ndiye anayepotea katikati ya watu wema.

FASILI YA PILI: CHAKULA NA MAJI

Wako waliokuja wasipate nyumba, nao walikaa katika Suffa, sehemu ya msikiti iliyoezekwa. Abu Huraira (r.a.) amesimulia kwamba aliwaona 70 katika watu wa Suffa, wala hapana mmoja wao aliyekuwa na shuka ya kujitanda juu. Hawa hawakuachwa wakapita milangoni kuomba. Mtume (s.a.w.) aliamrisha ya kwamba mwenye chakula cha wawili achukue wa tatu, na mwenye chakula cha wanne achukue wa tano au wa sita. Abu Bakr akaenda na watatu, na Mtume mwenyewe akaenda na kumi. Kila mtu alichukua kwa kadiri ya chungu chake, na aliye kiongozi akachukua zaidi ya wote.

Na Ansari waliokuwa na mitende walikuwa wakileta makole ya tende na kuyatundika msikitini ili watu wa Suffa wale. Wakatokea wachache wakaleta makole mabovu yaliyovunjika. Ndipo ilipoteremka aya ya 267 ya Suratul Baqara, yenye kukataza kukusudia kutoa kibovu ambacho mtoaji mwenyewe asingekipokea ila kwa kufumba macho. Basi na aelewe hayo mwenye kumpelekea mkimbizi kanzu iliyotatuka na unga ulioingia wadudu, kisha akajihesabu kuwa ametoa. Hakutoa huyo, amefagia nyumba yake.

Ama maji, Madina ilikuwa na kisima cha Ruma, chenye maji matamu, nayo yakiuzwa. Uthman bin Affan (r.a.) akakinunua kwa mali yake na kukifanya cha Waislamu wote, na ndoo yake ikawa sawa na ndoo za wenziwe. Hakukifanya cha wageni peke yao wala cha wenyeji peke yao. Na hili ni jambo kubwa, kwani mji ukipokea watu wengi, kisima kile kile huchotwa na wengi, na fitina ya mwenyeji na mgeni mara nyingi huanzia kwenye foleni ya maji. Anayetaka kuwasaidia wageni na azidishe kile ambacho wenyeji nao wanakihitaji.

FASILI YA TATU: KAZI

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Sa'd bin Rabii alimwambia nduguye Abdur-Rahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdur-Rahman akamwombea baraka katika ahali yake na mali yake, kisha akataka aonyeshwe soko. Akaonyeshwa soko la Bani Qainuqaa, akaenda, na siku ile ile akarudi na faida ya samli na maziwa yaliyokaushwa. Haukupita muda akaoa kwa mahari ya dhahabu uzani wa kokwa ya tende.

Na Ansari walimtaka Mtume (s.a.w.) awagawanyie Muhajirina mitende yao nusu kwa nusu, naye akakataa. Wakasema, basi wao wawasaidie kazi ya mitende, na matunda washirikiane. Wote wakaridhika. Muhajirina walikuwa watu wa biashara, hawakuizoea kazi ya mashamba. Lakini waliifanya, wakala jasho lao.

Watu wa pwani husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni. Lakini sheria imeweka ukaribishaji kuwa siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka; na mtu mwenye heshima hapendi kuishi kwa sadaka ya mwenziwe mwaka hata mwaka. Basi jembe lenyewe ni heshima, likitolewa kwa nia njema. Asiyempa mgeni jembe, akazidi kumpa sahani tu, amemfanya kuwa mwombaji, ingawa alikusudia kheri.

Na mwisho wa khabari ile ni huu: mwaka wa 628, baada ya vita vya Khaibar, Muhajirina walipopata wasaa waliwarudishia Ansari mitende waliyokuwa wamepewa watumie matunda yake. Hii ndiyo alama ya mapokezi mema, ya kwamba aliyepokewa hufika siku akasimama kwa miguu yake, akarudisha, na wote wawili wakatazamana usoni bila ya haya.

FASILI YA NNE: ZAKA KATIKA MADHEHEBU YA IMAMU SHAFI'I

Suali: Mtu ana nyumba na duka katika mji alioukimbia. Je, yafaa kupewa zaka?

Jawabu: Yafaa. Imamu Nawawi ametaja katika Minhaj ya kwamba ufakiri hauondoki kwa nyumba ya mtu ya kukaa, wala nguo zake, wala mali yake iliyo mbali masafa ya marhala mbili. Basi mtu aliyekuwa tajiri jana, na leo mali yake haifikii, leo ni fakiri. Wala haifai kumwambia, “Wewe ulikuwa na jumba kwenu.”

Suali: Atapewa kadiri gani?

Jawabu: Kauli aliyoipa nguvu Imamu Nawawi ni kwamba fakiri na maskini hupewa cha kuwatosha umri ulio wa kawaida, si cha kuwatosha siku moja. Na maulamaa wameeleza ya kwamba mwenye kazi ya mikono hupewa thamani ya vyombo vya kazi yake, na mfanyi biashara hupewa mtaji wa biashara anayoijua. Mshoni cherehani, seremala msumeno na randa, mvuvi nyavu. Na hili halitimizwi na mtu mmoja agawaye senti mlangoni. Hutimizwa na watu waliokusanya zaka zao pamoja.

Suali: Na mkimbizi asiye Muislamu?

Jawabu: Zaka haimhusu, lakini sadaka yajuzu kumpa, na kumpa amani ni katika mafundisho ya Qur'ani, kama ilivyo katika Suratut Tauba, aya ya 6. Njaa ya mtoto haina madhehebu.

FASILI YA TANO: WANAWAKE NA MAYATIMA

Wako wanaume ambao huruma yao huishia kwa wajane vijana. Na wajue ya kwamba mwanamke aliyefika bila ya mumewe si mjane mpaka ijulikane. Huenda mume yu hai, amefungwa au amepotea njiani. Mambo yake yapelekwe kwa kadhi, aulizwe, angojewe. Na asiye na walii, kadhi ndiye walii wake. Kumlisha mtu kisha kumdai nafsi yake ni kuuza sadaka. Na kusimbulia peke yake kumetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 264, kuwa kwabatilisha sadaka. Sembuse kudai malipo!

Na mayatima waandikwe majina yao, majina ya baba zao na miji yao, na kila kilichokuja pamoja nao, hata kikiwa bangili moja, kiwekwe amana mbele ya mashahidi. Mtoto asiitwe kwa jina la aliyemlea akapotezewa nasaba yake.

FASILI YA SITA: MJI UJIPANGE VIPI

Pwani yetu imeyaona haya. Mwaka wa 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, watu wa Barawa, wa Mogadishu na wa visiwa vya Wabajuni walikuja Mombasa kwa vyombo vya bahari, wengi wakakaa katika kambi kama Utange. Lugha ya Barawa, Chimiini, ni ndugu ya Kiswahili, na dini ni moja. Kambi hizo za pwani zilifungwa kabla ya kwisha miaka ya 1990. Wako waliopelekwa Kakuma na Dadaab, wako waliokwenda Marekani, na wako waliobaki mitaani. Wala haukuwa msafara wa mwisho katika dunia hii.

Basi kila mtaa, kabla ya wageni kufika, na uwe na watu waliojulikana:

Kwanza, mwenye daftari, aandike waliokuja, idadi yao, wagonjwa wao na kazi wanazozijua. Mtume (s.a.w.) naye aliamrisha kuandikiwa majina ya Waislamu, wakaandikwa wanaume 1,500, kuandika watu si kukosa kutawakali.

Pili, wa makao, agawe wageni kwa nyumba, na ikibidi kwa kura.

Tatu, wa chakula, ajue zamu za kila nyumba.

Nne, wa hospitali na wa ofisi ya serikali inayowaandika wakimbizi, awafuate wageni huko wasipotee. Abu Bakr na Bilal (r.a.) walishikwa na homa walipofika Madina, maradhi ni jambo la kutarajiwa kwa aliyesafiri.

Tano, wa chuoni na skuli, watoto wasikae bure. Ubada bin Samit alikuwa akiwafundisha watu wa Suffa Qur'ani na kuandika.

Sita, wa kazi na zaka, kama ilivyotangulia.

Na saba, asisahauliwe mmoja wa wageni wenyewe, waliyemchagua wao, akae pamoja na hao sita. Katika hati ya Madina, Muhajirina wa Kikureshi waliwekwa kuwa kundi lenye kusimamia diya zao na kukomboa mateka wao, kama makabila ya Ansari. Hawakuhesabiwa kuwa watoto wa kulelewa. Na anayepanga mambo ya watu bila ya kuwauliza, atawapelekea mchele na haja yao ni dawa.

Hao saba wakutane kila Ijumaa baada ya sala, kila mmoja aseme alilofanya na lililomshinda. Aliyeshindwa asaidiwe, wala asilaumiwe.

MASUALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini Ansari walipiga kura katika kugawa wageni?
2. Ni sababu gani ya kuteremka aya ya 267 ya Suratul Baqara?
3. Mtu mwenye mali iliyo mbali huhesabiwaje katika zaka?
4. Kurudishwa kwa mitende baada ya Khaibar kunafundisha nini?

Ewe Mola, wape amani waliotolewa majumbani mwao, na wape wenyeji wao mioyo ya Ansari na akili ya kupanga. Wallahu aalam, wabillahi ttaufiq.