Barua za Sandukuni



Hivi karibuni tulikuwa kwenye arobaini ya mzee mmoja. Baada ya chakula wanandugu walifungua sanduku la marehemu. Nguo ziligawiwa, redio ikapata mwenyewe. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa barua za zamani. Kijana mmoja akauchukua kwenda kuwashia moto. "Makaratasi tu haya," alisema.

Shangazi yake akamwita arudi. Mama huyu alijifunza kusoma ukubwani, darasa likiwa chini ya mwembe. Alikaa mkekani akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Barua ya tatu ilikuwa ya mwaka 1973. Iliandikwa na mke wa marehemu, ambaye naye hayupo tena, wakati mumewe yuko kazini mbali. Mwandiko ulikuwa mkubwa na wa kupinda, wa mtu aliyejua kuandika juzi tu. Alimweleza mumewe kwamba mtoto wao wa kwanza amefariki, na kwamba amezikwa hatua ishirini kutoka kisimani, upande wa machweo. Mwaka uliofuata watu walihamia kijiji kipya na kaburi lile likapotea. Baada ya hapo hakuna aliyetaja moto tena.

Basi leo tujifunze kusoma barua za zamani. Barua iliyotunzwa ni kumbukumbu, yaani kitu kinachotuonyesha mambo yaliyopita yalikuwaje. Wengi hufikiri kumbukumbu ni mafaili ya serikali peke yake. Mafaili yapo, na ni muhimu. Dar es Salaam iko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako mwananchi anaweza kuomba kusoma majalada yaliyotimiza miaka 30. Lakini barua ya bibi yako haimo humo, ila kama iliwahi kuingia ofisini.

Barua hudumu kuliko mtu. Maandishi ya Kiswahili ya zamani sana yanayojulikana kubaki mpaka leo ni barua. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na miongoni mwa walioziandika ni malkia wa Kilwa, Fatima. Zilipelekwa Msumbiji, kwa Wareno na marafiki zao. Wareno walitawala sehemu zao za huku kutoka Goa, katika Bara Hindi, na ndiyo sababu barua hizo zimehifadhiwa Goa hadi sasa. Hebu fikirini: mama wa Kilwa anaandika barua, na baada ya miaka mia tatu bado inasomeka.

Sasa tuchukue barua ya mfano. Tumeitunga sisi wenyewe kwa ajili ya somo, lakini nyingi za wakati ule zilifanana nayo. Kijana wa Kasulu yuko Korogwe, katika shamba la mkonge:

"Korogwe, 12 Desemba 1974. Mpendwa baba, shikamoo. Hali yangu ni njema, hofu ni juu yenu. Nimesikia mmeteremshwa kutoka mlimani, sasa mpo barabarani. Je, ile migomba mmemwachia nani? Huku unga ni wa njano, tena kwa foleni. Namtuma huyu ndugu na shilingi arobaini, na kanga doti moja ya mama."

Barua ni fupi, lakini tazama yaliyomo. Operesheni ya kuhamia vijijini ilianza mkoani Kigoma mwaka 1972, na hapa tunaona watu wamekwisha hama. Ofisi ingeandika tu kwamba kaya kadhaa zimehamia. Migomba haingetajwa. Unga wa njano unatukumbusha ukame wa miaka ile, nchi ilipolazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Na fedha hazikupita posta, zilibebwa na mtu aliyeaminiwa.

Lakini tusiamini kila neno. "Hali yangu ni njema" huandikwa hata na mgonjwa, ni adabu ya barua. Huenda kijana huyu alikuwa na homa wiki nzima. Basi linganisha barua na barua nyingine, halafu waulize wazee.

Tazama pia ni mkono wa nani. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma, kwa hiyo wengi waliandikiwa na mwalimu au mtoto wa shule. Mambo ya aibu yaliachwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye kina mama wengi wakaanza kuandika wenyewe. Wakati mwingine barua zao zina makosa ya herufi. Msizisahihishe! Sisi tulipokuwa watoto tulimsomea bibi barua, na tukifika neno gumu tunaliruka. Bibi alikuwa anajua. Alisema, "Rudi nyuma, mjukuu wangu, umeficha kitu."

Kuhusu kutunza, adui ni mchwa, panya, unyevu na jua. Kopo la biskuti lenye mfuniko linafaa, likiwekwa juu, si sakafuni. Usigundishe barua iliyochanika kwa utepe wa plastiki, maana gundi yake huharibu karatasi. Ukitaka kuandika jina la aliyeipeleka, tumia penseli. Bahasha usiitupe, kwa sababu mara nyingi muhuri wa posta una tarehe ambayo mwandishi aliisahau.

Liko jambo moja gumu. Barua ina siri: madeni, ugomvi wa ndoa, mtoto wa nje. Yule shangazi aliweka barua mbili pembeni, akazifunga katika pindo la kanga, na mpaka leo hakuna aliyeziona. Kijana alinung'unika eti historia inafichwa. Sisi tunaona mama alifanya sawa, mradi hakuzichoma.

Maswali ya kikundi:

Barua ya zamani kuliko zote nyumbani kwako ni ya mwaka gani, na nani aliiandika?

Soma tena barua ya kijana wa Korogwe. Je, ni mambo gani hakumwambia baba yake?

Siku hizi habari nyingi tunapeana kwa simu. Wajukuu watazisoma wapi?