Ufupisho: Usukani Uliolegea

Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili, ufupisho una alama 15. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kunakili sentensi nzima na kubeba mifano isiyohitajika. Soma taarifa hii kisha ujibu maswali.

Dereva akizungusha usukani kidogo, magurudumu ya mbele hupaswa kuitikia papo hapo. Akihisi unacheza, yaani unageuka ilhali magurudumu yametulia, ajue umelegea. Wengi hudhani kasoro hii ni ya magari makuukuu. La hasha! Hata gari lililotoka dukani miezi michache iliyopita laweza kuwa nayo. Huenda bolti zinazoshikilia mtambo wa usukani hazikukazwa barabara, au viungo vinavyouunganisha na magurudumu, mathalani tairodi, vimelegezwa na mashimo ya barabarani. Upepo mdogo magurudumuni nao hulifanya gari liyumbe, dereva akadhani ni usukani.

Mwenye gari afanyeje? Kwanza, apime upepo na kuhakikisha nati za magurudumu zimekazwa. Pili, aliegeshe gari mahali tambarare, autikise usukani taratibu huku mwenzake akitazama magurudumu. Yasipoitikia, asiliendeshe tena; livutwe hadi gereji, kwani usukani ukikatika njiani hakuna breki itakayorudisha gari kwenye mkondo wake. Tatu, kabla fundi yeyote hajafungua chochote, asome masharti ya dhamana, maana ukarabati wa pembeni waweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa dai. Nne, amwandikie muuzaji, ataje tarehe, kilomita zilizosomwa na dalili, kisha abaki na nakala. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora ufaao.

Maswali
(a) Fupisha aya ya kwanza kwa maneno 30–35. (alama 6, 1 ya utiririko)
(b) Kwa maneno 50–55, eleza yanayompasa mwenye gari na haki aliyo nayo kulingana na aya ya pili. (alama 9, 2 za utiririko)

Jibu la mfano (a)
Usukani uliolegea hugeuka bila magurudumu kuitikia. Kasoro hii hupata hata magari mapya. Husababishwa na bolti zisizokazwa vyema au viungo vilivyolegezwa na mashimo. Upepo mdogo magurudumuni pia huyumbisha gari, dereva akashuku usukani.

Zingatia
Jibu lina maneno 31 na hoja tano: dalili, magari yanayoathirika, bolti, viungo na upepo. Tairodi imeachwa kwa kuwa ni mfano tu. "La hasha!" pia imeachwa kwa kuwa ni mkazo, si hoja.

Sasa jibu (b) mwenyewe. Tafuta hoja saba, ziandike kwanza katika nakala chafu, uziunganishe, kisha uhesabu maneno kabla ya kuandika nakala safi. Ukizidisha idadi uliyopewa, hoja zako za mwisho huenda zisisahihishwe.