Umri wa Ng'ombe na Uhai wa Ndama: Mwongozo kwa Mnunuzi

Anayenunua ng'ombe mwenye mimba hulipia wanyama wawili, ilhali humwona mmoja tu. Uhai wa yule asiyeonekana huathiriwa na umri wa mama yake. Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi aujue umri huo kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini umri ni muhimu

Mtamba aliyepandishwa kabla ya kufikia takriban theluthi mbili ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake huwa na nyonga nyembamba. Ndama akikwama wakati wa kuzaliwa, hufa au huzaliwa dhaifu. Ng'ombe aliyekwisha kuzaa mara kadhaa huzaa kwa wepesi zaidi, na dang'a yake kwa kawaida huwa na kingamwili nyingi zaidi. Jambo hili ni zito, kwani kingamwili za ng'ombe hazipiti katika kondo la nyuma: ndama huzipata kwa kunyonya tu. Yampasa anyonye ndani ya saa 6 za kwanza. Zipitapo saa 24, utumbo wake hauzipokei tena.

Ng'ombe mzee naye ana hatari zake. Meno yaliyolika humzuia kula vya kutosha, na homa ya maziwa humpata kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, umri mkubwa peke yake si kasoro: aliyezaa mfululizo na kukuza ndama wake amekwisha kuthibitisha uzima wake.

Kutambua umri

Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Hesabu meno ya kudumu ya mbele katika taya la chini: mawili huashiria miaka 2 hivi, manane, miaka 4 hadi 5.

Kabla ya kulipa, uliza:

1. Amezaa mara ngapi, na ndama wangapi walifikia kuachishwa maziwa?
2. Alipandishwa tarehe gani? Mimba huchukua siku 280 hivi.
3. Je, kumbukumbu zake zimeandikwa?

Mwite daktari wa mifugo athibitishe mimba na umri, kisha dai stakabadhi yenye namba ya hereni ya ng'ombe. Muuzaji akikataa ukaguzi, usinunue. Gharama ya ukaguzi ni ndogo kuliko hasara ya kumpoteza ndama pamoja na mama yake.