Dunia tunayoilaumu ni ipi?



Ni nadra Ijumaa ipite katika misikiti yetu ya mjini bila kukumbushwa kuwa dunia ni mapito. Tunatikisa vichwa, na wengine machozi huwatoka. Tukitoka nje, mmoja wetu anakwenda kukopa fedha ili harusi ya mwanawe isizidiwe na ya jirani. Mwingine akiulizwa kwa nini paa la madrasa linavuja masika ya pili sasa, ilhali kamati ipo na michango imepokelewa, anajibu kwa utulivu: "Ah, dunia hii ni mapito tu."

Neno hilo hilo halikumzuia wa kwanza, na likampa wa pili udhuru. Basi tujiulize: dunia tunayoilaumu ni ipi? Ni nyumba, fedha, elimu na siasa? Au ni kitu kingine? Leo tuliangalie suala hili la udunia kupitia kwa watu watatu walioliandikia: mwanachuoni na mwanafalsafa, mshairi, na mhakiki wa fasihi.

Ngamia wa hujaji

Imam Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus, nchini Uajemi, mwaka 1058. Mwaka 1091 aliteuliwa kusomesha katika Nizamiyya ya Baghdad, miongoni mwa vyuo vyenye hadhi kubwa wakati huo. Miaka minne baadaye, sifa zake zikiwa zimeenea kila upande, ulimi wake ulikwama hata akashindwa kusomesha. Katika kitabu chake Al-Munqidh ameeleza kuwa aliipima nia yake katika kusomesha, akaona kilichokuwa kikimsukuma ni kutafuta cheo na kujulikana.

Zingatia hapo, ndugu msomaji. Imam hakuwa sokoni wala kwenye ngoma. Alikuwa akisomesha dini. Udunia ulimfuata darasani.

Aliondoka Baghdad mwaka 1095. Katika Ihya Ulumid-Din aliweka kitabu kizima juu ya ubaya wa dunia, lakini humo hakuishia kulaumu, bali aliichambua dunia kama tabibu anavyochambua maradhi. Anaonesha kuwa mwanadamu ana mafungamano mawili na dunia: la moyo, nalo ni kuipenda, na la mwili, nalo ni kufanya kazi ndani yake. Kisha anapiga mfano wa hujaji aliye safarini, akawa anashughulika kumlisha ngamia wake, kumsafisha na kumpamba, hata msafara ukaondoka ukamwacha jangwani.

Mfano huu una pande mbili. Anayemwabudu ngamia haifiki Makka. Lakini na yule anayemwacha ngamia afe kwa njaa, kwa hoja kuwa ngamia si Al-Kaaba, naye haifiki. Na Imam mwenyewe hakubaki mafichoni. Mwaka 1106 alirejea kusomesha, safari hii Nishapur, akiwa na kazi ile ile lakini kwa nia nyingine.

Magofu ya Pate

Katika mwambao wetu wa Afrika Mashariki, aliyeliandikia jambo hili kwa namna isiyosahaulika ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, katika visiwa vya Lamu, aliyeishi karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Utenzi wake, Al-Inkishafi, wengi tunausikia ukitajwa kuwa ni utenzi wa kuikataa dunia. Ni kweli, lakini tuusome vizuri.

Pate ilikuwa mji wa wafanyabiashara na watawala, uliofungamana na biashara ya Bahari ya Hindi. Baadaye ukadhoofika kwa vita na fitina, na mnamo mwaka 1812 hivi jeshi la Pate na washirika wao wa Mombasa likashindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Sayyid anazungumzia mji uliokwisha. Anazitaja taa zilizong'aa usiku, vitanda vya fahari, na zidaka zilizopangwa sahani za thamani, ambazo sasa ndege wamelalia makinda yao. Buibui wametanda utando, na mabwana wa nyumba wamo makaburini.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, mshairi huyu aliijua dunia anayoionya. Angekuwa mtu asiyejua zidaka ni nini, utenzi wake usingemgusa mtu. Pili, na hili ndilo kubwa, anayekemewa katika utenzi ule ni moyo wa mshairi mwenyewe. Anausemesha, anauuliza kwa nini haujifunzi. Hajaanza na jirani.

Maneno nayo yamo duniani

Mtu wa tatu si Muislamu. Naye ni Edward Said, Mpalestina aliyezaliwa Jerusalem mwaka 1935 katika familia ya Kikristo, akafundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, hadi alipofariki mwaka 2003. Katika kitabu chake The World, the Text, and the Critic cha mwaka 1983, aliupa udunia maana nyingine. Kwake udunia si tamaa, bali ni ukweli kwamba kila andiko limezaliwa mahali fulani, wakati fulani, katikati ya watu wenye nguvu na wasio na nguvu. Aliwalaumu wahakiki wanaosoma vitabu kana kwamba vinaelea hewani, havihusiani na vita, dhulma wala ukoloni.

Cha kuzingatia ni kwamba katika kuijenga hoja hiyo aliwarejea wanazuoni wa Kiislamu wa Andalusia, akina Ibn Hazm wa Cordoba (994-1064), waliosisitiza dhahiri ya maneno na mazingira ya matumizi yake. Hatulazimiki kukubali kila alichosema Said, kwani hoja zake si za kidini. Lakini Muislamu aliyesoma sababu za kushuka kwa aya hashangai kuambiwa kuwa maneno yana mahali na wakati. Qur'an imetoka kwa Mwenyezi Mungu (s.w), lakini iliteremka kwa watu waliokuwa na madeni, mayatima, mizani na vita, na mambo hayo ikayatolea hukumu.

Somo kwetu

Tukiwaweka watatu hawa pamoja, jibu linaonekana. Dunia inayolaumiwa ni ile iliyokaa moyoni. Dunia iliyo mikononi ni amana, na amana haiachwi ikaharibika kwa jina la uchamungu.

Katika Suratul-Qasas (28:77), Qaruni hakuamrishwa na watu wake atupe mali yake. Aliambiwa aitafutie Akhera kwa alichopewa, asisahau fungu lake la duniani, na afanye wema. Naye Mtume (s.a.w) alipomuusia Ibn Umar (r.a) aishi duniani kama mgeni au mpita njia, hakumwambia awe mgeni mharibifu. Mgeni mwema haachi nyumba ya watu chafu.

Kwa hiyo, anayekopa ili kushindana kwa harusi ana udunia. Na anayeshika daftari la msikiti bila kutoa hesabu, kisha akajikinga kwa maneno ya zuhudi, huenda udunia wake ukawa mkubwa zaidi, kwa sababu umevaa kanzu. Vile vile, tunapowaambia vijana wetu waachane na sheria, uhasibu, uandishi wa habari na siasa kwa kuwa ni mambo ya dunia, tujue kuwa mambo hayo hayatabaki wazi. Wengine watayashika, kisha sisi tutabaki kulalamika.

Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa Kiyama kikimkuta mmoja wetu ana mche mkononi, naye akaweza kuupanda, basi na aupande. Mche ule hautampa tunda wala kivuli. Mkono wake upo kazini, na moyo wake hauna tamaa ya mavuno. Hiyo ndiyo zuhudi. Ijumaa ijayo tukisikia kuwa dunia ni mapito, tuseme ni kweli, kisha twende tukalizibe paa la madrasa.

Wabillahi tawfiq.