Malaria kwa Mjamzito: Jibu la Kipimo Si Kinga
Mjamzito aweza kuwa na malaria pasipo homa. Vimelea hujificha katika kondo la nyuma, na damu ya kidoleni yaweza isivionyeshe, huku mama akipungukiwa damu na mtoto akikosa lishe ya kutosha tumboni. Ndiyo sababu nchini Tanzania mjamzito hupimwa katika hudhurio la kwanza la kliniki, hata akijihisi mzima. Akikutwa na vimelea, hutibiwa kwa dawa mseto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ALu hata katika miezi mitatu ya kwanza. Asipokutwa navyo, bado anahitaji dozi za SP baada ya miezi hiyo, zikipishana mwezi mmoja au zaidi, isipokuwa anayetumia kotrimoksazoli. Chandarua chenye dawa kisiachwe.