Hidden Roof Isiyobonyea: Chagua Mbao kwa Hesabu

Unajenga Kiamunyi, Lanet au Bahati hapa Nakuru, na umeshapenda hidden roof, yaani paa linalofichwa nyuma ya ukuta. Sawa. Inapendeza, ila mteremko wake ni mdogo. Mbao ikibonyea kidogo tu, maji yanasimama hapo. Na maji ni mzigo: dimbwi la kina cha sentimita 1 lina kilo 10 kwa kila mita ya mraba, uzito unaozidi mabati yenyewe. Mbao inazidi kubonyea, dimbwi linazidi kukua.

Kabla ya kwenda kwa muuza mbao, shika tepu. Pima urefu ambao rafta itaruka hewani, kutoka ukuta unaoibeba hadi mwingine unaoibeba. Kizigeu kisicho na msingi usikihesabu.

Sasa kanuni ya kuanzia. Chukua kimo cha mbao kwa inchi, zidisha kwa 2, upate futi inazoweza kuruka. 4x2 iishie futi 8, 6x2 futi 12, 8x2 futi 16. Hiyo ni kwa saiprasi kavu iliyosimamishwa wima, rafta zikiachana futi 3, na juu yake mabati na dari jepesi tu. Ukitaka vigae, au tangi la maji lipande huko juu, achana na kanuni hii. Mtafute mhandisi aliyesajiliwa akupigie hesabu.

Fundi atakwambia 4x2 ilitosha kwa jirani. Muulize: iliruka futi ngapi? Rafta ileile, mzigo uleule kwa kila futi, ukiitoa futi 10 kuipeleka futi 12, inabonyea mara 2. Futi 2 tu! Upande wa pili, ukitoka 4x2 kwenda 6x2 ugumu unapanda zaidi ya mara 3, na mbao umeongeza nusu. Kwa hiyo pesa ya ziada iweke kwenye kimo. Na asikulazie rafta ubavu: 4x2 iliyolazwa inabaki na robo ya ugumu wake.

Niliwahi kupanda paa moja Kiamunyi baada ya mvua za Aprili. Katikati ya sebule, mabati yalikuwa na duara la tope kubwa kama sinia, pale vumbi letu la Nakuru lilipotua maji yalipokauka. Chini yake, 4x2 zilikuwa zimeruka futi 12. Nikaweka tepu kwenye mbao yenyewe: inchi 3¾ kwa 1¾. Upungufu huo mdogo wa msumeno unakula zaidi ya robo ya ugumu. Mwenye nyumba alilipia 4x2, hakupata 4x2.

Basi nenda na tepu yako, hata ukinunua Elburgon au Molo karibu na viwanda vya mbao vyenyewe. Pima mbao kadhaa, si ile ya juu pekee. Iinue: mbao mbichi ni nzito na ina ubaridi mkononi. Ukiipakia mzigo ikiwa mbichi, inakauka ikiwa imepinda na hairudi. Ipange kivulini na vijiti katikati ya safu, hewa ipite, wiki kadhaa kabla ya kuezeka. Omba iliyotiwa dawa kwa presha.

Chungulia kila rafta kwa urefu wake, jicho moja limefungwa. Upande wenye mgongo uelekee juu. Vifundo vikubwa navyo vikae juu, kwa sababu ukingo wa chini ndio unaovutwa, na hapo ndipo mbao hupasukia. Kikato cha kukalia ukuta kisizidi theluthi ya kimo. Maungio yakae juu ya ukuta, kamwe yasiwe hewani.

Mteremko nao usiubane. Inchi 1 kwa kila futi ni kama nyuzi 5, na chini ya hapo mimi sishuki hata kwa mabati marefu yasiyo na maungio. Kwa mabati yenye maungio, weka inchi 2. Ukiwa Molo au Elburgon, ambako mvua ya mawe inajaza mfereji mara moja, mfereji wa nyuma ya ukuta uwe mpana, na uwe na tundu la dharura la kumwagia maji nje.

Palini za 3x2 zipigwe kila futi 3 kwa mabati ya geji 30, na futi 2 kwenye kingo. Upepo huanzia kingoni. Paa jepesi la mteremko mdogo linanyanyuliwa kirahisi, kwa hiyo kila rafta ifungwe kwa hoop iron au waya mnene ulioshuka ndani ya ukuta angalau safu tatu za mawe. Msumari peke yake hautoshi. Waya huo uwekwe wakati ukuta unajengwa, si baadaye.

Mwisho, usikubali gypsum ipigwe kabla mvua moja kubwa haijanyesha. Siku hiyo chukua uzi, uvute chini ya kila rafta kutoka mwisho hadi mwisho, kisha panda ngazi utazame maji yanaposimama. Dari likiwa bado wazi, kuongeza mbao ni kazi ya siku moja.